Kuwafunza Watoto Habari za Anga: Tuanze na Majina

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, somo letu la leo si la tohara wala la mirathi. Ni somo juu ya watoto wetu na yale wanayoyasoma kuhusu jua, mwezi, nyota na sayari, na juu ya lugha wanayosomea mambo hayo. Huenda baadhi yenu mkasema: Haya ni ya walimu wa shule, masheikh yawahusu nini? Twawaomba msome mpaka mwisho, ndipo mhukumu.

Mwezi wa Januari tulialikwa Kericho na ndugu zetu waliohama pwani zamani kwa ajili ya biashara na kazi, wakafanya maskani huko. Mji huo uko juu, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia hapo mpaka pande za Bomet macho hayaoni ila chai, kilima baada ya kilima. Mvua ya huko hunyesha karibu mwaka mzima, aghalabu baada ya adhuhuri, na mara nyingi huja na mawe yake. Sisi tulifika katika kiangazi chao kifupi, wakati mbingu ziko wazi usiku.

Baada ya swala ya Alasiri tulikaa na watoto wa chuo. Wengi wao ni watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya chai na wa wachuuzi wa sokoni. Baadhi yao Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Wengine nyumbani husema Kikipsigis au Kisomali, na Kiswahili hukutana nacho zaidi kitabuni. Binti mmoja, umri wake kiasi cha miaka kumi, akatutolea daftari lake la Kiswahili la shule ili atuonyeshe alivyohifadhi majina ya sayari. Akasoma bila ya kusita: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi.

Tukamwuliza: "Mwanangu, Kausi ni nini?"

Akajibu: "Ni sayari ya nane, Shekhe."

Mzee mmoja aliyekaa karibu nasi akacheka, akasema: "Shekhe wetu, Kausi ni nyota yangu mimi! Nilitazamiwa tangu ujanani, nikaambiwa nyota yangu Kausi, nisianze safari siku fulani na fulani."

Yule binti akatutazama, akauliza: "Basi, Shekhe, sayari ya nane ndiyo nyota ya babu?"

Hatukuwa na jibu fupi la kumpa. Na kwa kuwa orodha ile imo katika baadhi ya vitabu vya Kiswahili, na watoto wengi wa bara na wa pwani wameihifadhi kama alivyoihifadhi binti yule, tumeona yatupasa tulieleze jambo hili hapa.

KOSA LENYEWE

Wazee wa elimu ya falaki walizijua tangu kale sayari tano zionekanazo kwa macho, wakaziunganisha na jua na mwezi zikawa saba. Walizipanga hivi: Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Utaridi ndiyo iliyo karibu mno na jua, na hulizunguka kwa siku 88 tu. Zohali ndiyo iliyo mbali kuliko zote walizoziona, na mzunguko wake ni karibu miaka 29 na nusu. Ndiyo yenye pete zinazoonekana kwa darubini.

Sayari zilizo mbele ya Zohali hazikuwa na jina katika vitabu vya kale, kwani hazikujulikana. Uranusi ilitambulikana mwaka 1781, alipoiona William Herschel huko Uingereza. Neptuni ilionekana Berlin mwaka 1846, baada ya Mfaransa Le Verrier kupiga hesabu na kuonyesha mahali pa kuitafuta. Pluto aliigundua Clyde Tombaugh wa Marekani mwaka 1930, na mwaka 2006 wanafalaki wa dunia katika mkutano wao wakaitoa katika hesabu ya sayari kubwa, wakaiita sayari kibete.

Basi, ndugu msomaji, pima mwenyewe. Utaridi ni jina lililomo katika vitabu vya Waarabu tangu zaidi ya miaka elfu. Vipi liwe jina la kitu ambacho hakikuonekana na mtu mpaka mwaka 1930? Na Zohali, aliyejulikana na kila nahodha na kila mwanachuoni, vipi ahamishwe kiti chake apewe cha Uranusi?

Ama Sarateni na Kausi, hizo si sayari kabisa. Saratani ni kaa, na Kausi ni upinde. Nayo ni majina ya buruji, la nne na la tisa katika yale kumi na mawili. Buruji ni fungu la mbingu lenye nyota zake, na sayari hupita humo kama msafiri apitavyo katika mitaa. Anayeita sayari kwa jina la buruji ni kama anayemwita msafiri kwa jina la mtaa aliopita. Twadhani Sarateni iliingia kwa kufanana sauti na Saturn, jina ambalo Waingereza humwita Zohali.

Na Zebaki ni yale madini ya majimaji yang'aayo kama fedha. Waingereza huyaita madini hayo na sayari ya kwanza kwa neno moja, Mercury, na mfasiri akachukua la madini akaliweka mbinguni. Kiswahili chetu kilikuwa na neno kwa kila kimoja.

Orodha iliyo sawa, pamoja na muda wa kila sayari kulizunguka jua, ni hii:

1. Utaridi, siku 88.
2. Zuhura, siku 225.
3. Dunia, siku 365 na robo.
4. Mirihi, siku 687.
5. Mshtarii, karibu miaka 12.
6. Zohali, karibu miaka 29 na nusu.
7. Uranusi, miaka 84.
8. Neptuni, karibu miaka 165.

JAWABU LA WANAOPINGA

Mwenye elimu aweza kutuambia: Wanavyuoni wamesema hakuna ugomvi katika istilahi. Watu wakikubaliana kukiita kitu kwa jina, hilo ndilo jina lake. Twasema: Kweli, na kwa sababu hiyo hatugombani na neno Zebaki, kwani limekwisha kuenea; yatosha mtoto aambiwe kuwa hapo Zebaki na Utaridi ni kitu kimoja. Lakini istilahi ni pale watu walipokubaliana. Hapa hawajakubaliana. Kitabu kimoja chasema Zohali ni sayari ya sita, cha pili chasema ni ya saba. Kimoja chasema Utaridi ni ya kwanza, cha pili chasema ni ya mwisho. Mtoto akivisoma vyote viwili atapotea njia, na akiwa mwerevu ataona kuwa walimu wake hawajui wanenalo, na hilo ni baya zaidi.

Tena yako madhara ya pili. Kila mtu wa pwani ajua kuwa majina ya buruji yametumiwa sana na watazamaji na wapiga ramli, na wangapi wameacha safari, biashara au ndoa kwa kuambiwa nyota zao hazipatani! Elimu ya falaki ni hesabu, na hesabu ni halali, bali twaihitaji. Kudai kujua riziki na ajali ya mtu kwa nyota ni jambo jingine, na dini yetu imelikataza. Mtoto aliyefunzwa kuwa Kausi ni sayari, na nyumbani akasikia kuwa Kausi ni nyota ya babu, atazitenga vipi elimu mbili hizi?

Hapa tukumbuke yaliyotokea Madina. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa siku ile ile, na watu wakasema limepatwa kwa mauti ya Ibrahim. Mtume akawafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake, akawaamrisha kuswali na kuomba. Alikuwa katika msiba wa mwanawe, na maneno ya watu yalikuwa ya kumtukuza, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini hakuyaacha yapite. Basi sisi tuna udhuru gani wa kuacha maneno yasiyo sawa juu ya mbingu yapite katika vitabu vya watoto wetu?

JUA LA MOMBASA NA JUA LA KERICHO

Wenyeji wetu walitusimulia jambo jingine. Katika Ramadhani ya mwaka 2025, iliyoangukia mwezi wa Machi, mama mmoja na watoto wake walikuwa wakifungua kwa adhana ya Mombasa waliyoisikia katika redio. Siku ya tatu mtoto wake mkubwa akatoka nje na kikombe mkononi, akarudi akasema: "Mama, mbona jua bado liko juu ya chai?" Mama yule alikuwa na nia safi. Lakini madhehebu yetu ya Shafi yasema kuwa aliyefungua akidhani jua limekuchwa, kisha ikabainika halijachwa, yampasa kuilipa siku ile. Akalipa siku tatu.

Sababu yake ni hesabu nyepesi ambayo mtoto wa shule aweza kuifanya. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, na uzi mmoja kwa dakika 4. Mombasa iko kwenye nyuzi 39 na dakika 40 za mashariki. Kericho iko kwenye nyuzi 35 na dakika 17. Tofauti yake ni nyuzi 4 na dakika 23, na ukizidisha kwa 4 utapata dakika 17 na nusu za saa. Tofauti hiyo huongezeka na kupungua kidogo kwa majira, kwa sababu Mombasa iko kusini zaidi ya mstari wa ikweta, lakini haiondoki. Jua hulichwelea Mombasa kwanza, kisha Kericho. Mtoto yule aliyetoka na kikombe alifanya lile tunalotaka watoto wote wafanye: alisikia neno, kisha akaangalia kama ni kweli.

NJIA YA KUFUNDISHA

Usiku ule, baada ya swala ya Isha, tulitoka nje na watoto na baba zao, tumejifunika mablanketi kwa baridi. Tuliyoyajaribu huko, na tunayowapendekezea walimu wa vyuo vya pwani, ni mambo manne.

Kwanza, neno lifundishwe pamoja na kitu chake. Tuliwaonyesha Kilimia karibu na utosi, upande wa kaskazini, nyota ambazo wakulima wetu walihesabia majira, na ndizo zilizomo katika methali: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tukawaonyesha Suheli ikiinuka upande wa kusini kuelekea mashariki, nyota ya pili kwa mwangaza katika nyota zote za usiku. Manahodha wetu waliifuata hata jina lake likawa ndilo jina la kusini, kama walivyoita mashariki matlai, yaani mahali pa kuchomozea, na kaskazini jaa, kwa nyota ya huko isiyohama mahali pake. Ni watoto wangapi wa Mombasa, Lamu au Unguja leo wajuao suheli ni nini? Na mtoto aachiwe alete maneno ya kwao pia. Kijana mmoja alituambia kuwa kwa Kikipsigis jua ni asista na mwezi ni arawet. Tukaandika yote ubaoni, na tangu hapo hakunyamaza tena.

Pili, mtoto aandike alichokiona mwenyewe. Apewe daftari dogo, na kila jioni kwa mwezi mmoja aandike jumla moja juu ya mwezi: umeonekana wapi, saa ngapi, umbo lake vipi. Ataona kuwa kila siku huchelewa kuchomoza kwa kiasi cha dakika 50. Hapo atajifunza kusema umeonekana, haukuonekana, utaonekana, na kila neno litakuwa na maana kwake. Mwenyezi Mungu ametutajia katika Sura ya Yunus, aya ya 5, kuwa ameupimia mwezi vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Mtoto mwenye daftari lile ataifahamu aya hiyo tofauti na aliyeihifadhi tu.

Tatu, asome huku akitembea. Tulichukua mpira wa miguu tukaufanya jua, na chembe moja ya wimbi tukaifanya dunia, kwani upana wa jua ni kama wa dunia 109 zilizopangwa mstari mmoja. Tukaweka mpira penye lango la msikiti. Kwa kipimo hicho chembe ya wimbi hukaa mbali na mpira kiasi cha mita 23 na nusu, na mwezi hukaa sentimita 6 kutoka chembe hiyo. Mshtarii ni gololi iliyo mbali mita 122, Zohali ni kama mita 225, na Neptuni ni zaidi ya mita 700, huko chini kwenye majani ya chai. Kila mtoto alisimama mahali pa sayari yake na karatasi mkononi, akasoma jumla tatu kwa sauti: jina langu, umbali wangu, mwaka wangu. Yule binti wa daftari alitaka awe Zohali. Alisoma vizuri, kisha akapiga kelele kutoka mbali: "Shekhe, mpira siuoni sawasawa!" Tukamjibu kuwa hivyo ndivyo jua lilivyo dogo likitazamwa kutoka Zohali.

Nne, wasomeshwe habari za kweli za nchi yao. Watoto wengi hudhani mambo ya anga ni ya Marekani na Urusi tu. Na waambiwe kuwa mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi, palikuwa na majukwaa ya Wataliano baharini, na kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Na tarehe 15 Aprili 2023 kwa saa zetu, Kenya ilirusha kutoka California setilaiti yake iitwayo Taifa-1, ya kuitazama ardhi na mazao yake.

MTIHANI

Lilibaki jambo moja zito. Yule binti alituuliza: "Shekhe, mtihanini niandike lipi?" Tulimwambia asimdharau mwalimu wake, tukamwandikia mwalimu barua ya heshima yenye orodha zote mbili na sababu zake. Mwalimu huyo, ambaye si Mwislamu, alikuja kwetu mwenyewe siku ya pili. Alisema naye alifunzwa vivyo hivyo alipokuwa mtoto, na hakuna aliyewahi kumpa sababu. Kisha akatuuliza: "Nikiwafunza iliyo sawa, na mtihani ukasahihishwa kwa kitabu, ni nani atakayezibeba alama watakazokosa?"

Swali lake ni la haki, na hatukulikwepa. Tulikubaliana kuwa atawafunza safu mbili ubaoni: hivi ndivyo kiandikavyo kitabu chetu, na hivi ndivyo wasemavyo wenye falaki, na sababu ni hii. Mtoto hatasema uongo, kwani atajua analisema neno la nani. Lakini hiyo ni dawa ya muda. Dawa yenyewe ni vitabu kusahihishwa, na watu waliosoma lugha ambayo majina haya yalitoka ni sisi watu wa pwani. Tukinyamaza, lawama si ya mwalimu wa Kericho.

Wala sisi wenyewe hatujitoi katika lawama. Tulihifadhi majina ya buruji kumi na mawili tukiwa vijana chuoni, na tumewahifadhisha wengine kwa miaka mingi, lakini kabla ya usiku ule hatukuwahi kumtoa mtoto hata mmoja nje tukamwonyesha nyota kwa kidole. Tulimwuliza binti yule maana ya Kausi kana kwamba sisi twaijua. Na lau angetuambia tumwonyeshe mbinguni iko wapi, tungaliona haya.

Twawaomba walimu wa vyuo watenge jioni moja kwa wiki kwa somo hili, na wenye kujua Kiarabu na falaki waitazame orodha yetu, watusahihishe palipo na kosa, kisha tuwaandikie kwa adabu watungaji wa vitabu vya shule. Orodha ikishakubaliwa tutaichapa hapa, na nakala tutampelekea mwalimu yule wa Kericho.

MASWALI YA DARASA

1. Ni kwa nini Utaridi haiwezi kuwa jina la kale la Pluto?
2. Nini tofauti ya sayari na buruji?
3. Mji ulio nyuzi 3 magharibi ya mji wenu, jua huchwa huko baada ya dakika ngapi?
4. Waulizeni wazee wenu majina ya nyota wanazozijua, muyaandike, na mtuletee.

Wa billahi ttawfiq.